Kompyuta mpakato ya mwanafunzi

Kompyuta mpakato ya mwanafunzi (pia: kipakatalishi, au laptopu katika mazungumzo ya kila siku) ni kompyuta ndogo ya kukunjwa ambayo mwanafunzi wa chuo huibeba kati ya chumba chake, darasa, maktaba na nyumbani. Kwa kawaida ina uzito wa kati ya kilo 1 na kilo 2, skrini ya inchi 13 hadi 15, na betri inayoiwezesha kufanya kazi kwa saa kadhaa bila umeme wa ukutani.

Mnunuzi huwa na maswali mawili: achukue mashine ipi, na itumie mfumo wa uendeshaji upi. Maswali hayo hayatenganishwi. Programu zinazotakiwa na kozi huamua mfumo, na mfumo huamua mashine. Anayeanza na mashine, kwa sababu ni nyembamba au bei yake ni nafuu, anaweza kugundua katikati ya mwaka kwamba programu ya kozi yake haifanyi kazi humo, na fedha zimekwisha. Vilevile anayebadili mfumo bila kuweka nakala ya kazi zake anaweza kupoteza tasnifu ya mwaka mzima kwa dakika chache.

## Historia

Kompyuta za kwanza za kubebeka zilikuwa nzito. Osborne 1, iliyotolewa Marekani mwaka 1981, ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi na ukubwa wa sanduku la cherehani. Ilikuwa na skrini ya inchi 5 na haikuwa na betri ya ndani. GRiD Compass ya mwaka 1982 ilikuwa kati ya za kwanza kukunjwa kama kitabu, skrini ikifunika kibodi. Umbo hilo ndilo linalotumika hadi leo.

Wepesi wa kufaa mkoba wa mwanafunzi ulikuja baadaye. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa Eee PC, kompyuta ya bei nafuu yenye skrini ya inchi 7 na uzito usiofika kilo 1. Matoleo yake ya kwanza yalitumia Linux. Wanunuzi wengi waliozoea Windows walijikuta na mfumo wasioujua, na mwaka 2008 Microsoft iliongeza muda wa kuuza Windows XP kwa ajili ya kompyuta ndogo za aina hiyo. Tangu wakati huo ilionekana wazi kwamba mtu hachagui uzito na bei tu. Anachagua pia mfumo atakaofanya nao kazi kila siku.

Januari 2008 Apple ilionyesha MacBook Air ya kilo 1.36, iliyotolewa jukwaani kutoka ndani ya bahasha ya karatasi. Mwaka 2011 Intel ilianza kuhimiza watengenezaji wa kompyuta za Windows kutengeneza mashine nyembamba za namna hiyo, na mwaka huohuo Chromebook za kwanza zinazotumia mfumo wa Google ziliingia sokoni. Novemba 2020 Apple ilianza kuuza kompyuta zenye chipu yake yenyewe, M1, inayotumia umeme kidogo. MacBook Air yenye chipu hiyo haina hata feni.

## Mfumo wa uendeshaji

Mfumo wa uendeshaji ni programu kuu inayosimamia kompyuta nzima. Ndio unaopokea herufi kutoka kwenye kibodi, kuhifadhi faili kwenye diski, kuwasiliana na printa na kugawa kumbukumbu kwa programu nyingine. Programu ya kawaida, kama ya kuandikia barua au kuchora ramani, haizungumzi na mashine moja kwa moja. Huomba huduma kwa mfumo. Kwa sababu hiyo programu iliyoandikwa kwa ajili ya mfumo mmoja kwa kawaida haifunguki kwenye mfumo mwingine.

Mifumo inayokutana na wanafunzi wengi ni minne:

* Windows ya Microsoft huja kwenye kompyuta nyingi zinazouzwa madukani. Ina programu nyingi kuliko mingine, hasa za uhandisi na uhasibu.
* macOS ya Apple hutolewa kwa ajili ya kompyuta za Apple peke yake.
* ChromeOS ya Google hutegemea kivinjari na huduma za intaneti. Inafaa penye mtandao wa uhakika. Kila Chromebook ina tarehe ya mwisho ya kupokea masasisho, nayo yafaa iangaliwe kabla ya kununua.
* Linux ni mfumo huria: mtu yeyote anaweza kuutumia, kuunakili na kuubadilisha. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Linux hupatikana katika matoleo mengi, yakiwemo Ubuntu, Linux Mint, Fedora na Debian.

Ubuntu ilitolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo latoka katika lugha za Kizulu na Kixhosa, na ni ndugu wa neno la Kiswahili "utu".

## Kuanza na kozi

Kabla ya kuangalia bei, mwanafunzi huandika orodha ya programu zinazotakiwa katika kozi yake kwa miaka yote ya masomo, si muhula wa kwanza tu. Wanafunzi wa mwaka wa tatu na wahadhiri wa idara ndio wanaoijua orodha hiyo vizuri kuliko muuzaji.

* Uandishi, lugha, sheria, ualimu na theolojia. Kazi kubwa ni kusoma, kuandika na kutafuta habari. Mfumo wowote unatosha. LibreOffice, programu huria ya ofisi iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010, inapatikana kwa Windows, macOS na Linux.
* Takwimu na sayansi ya jamii. SPSS hutolewa kwa Windows na macOS, haina toleo la kawaida kwa mtumiaji wa Linux. Stata na R hufanya kazi kwenye mifumo yote mitatu. PSPP ni programu huria inayofanya sehemu ya kazi za SPSS.
* Ramani na ardhi. ArcGIS Pro hutaka Windows. QGIS, ambayo ni huria, inapatikana kwenye mifumo yote mitatu.
* Uhandisi na usanifu majengo. AutoCAD ina matoleo ya Windows na macOS. SolidWorks ni ya Windows. Programu hizi hutaka kumbukumbu kubwa, na mara nyingi mashine nyepesi kabisa haizimudu.
* Sayansi ya kompyuta. Linux ni faida, kwa sababu seva nyingi za intaneti huitumia. Anayetaka kutengeneza programu za iPhone kwa zana rasmi za Apple atahitaji macOS.

Jambo moja husahaulika mara nyingi, nalo ni mtihani. Vyuo vingine huendesha mitihani kupitia kivinjari maalumu kinachomzuia mtahiniwa kufungua kitu kingine. Safe Exam Browser, mojawapo ya vivinjari hivyo, ina matoleo ya Windows na ya vifaa vya Apple, lakini haina la Linux. Mwanafunzi aliyehamia Linux bila kuuliza anaweza kulitambua hili siku ya mtihani.

Ikiwa programu moja tu katika orodha inadai Windows, na maabara ya chuo inayo, si lazima kununua mashine kwa ajili ya programu hiyo. Yafaa tu kujua saa za maabara na idadi ya wanaogombea viti vyake.

## Sehemu za kuangalia

### Uzito

Uzito ulioandikwa kwenye tangazo ni wa kompyuta peke yake. Uzito anaoubeba mwanafunzi ni wa kompyuta, chaja, waya wake na mkoba. Kompyuta ya kilo 1.2 yenye chaja kubwa ya gramu 500 ni sawa na kompyuta ya kilo 1.4 yenye chaja ndogo ya gramu 300. Mashine zinazochajiwa kwa tundu la USB-C zina nafuu hapa, kwani chaja moja ndogo ya wati 45 au 65 yaweza kutumika kwa kompyuta na simu pia. Lakini si kila tundu la USB-C linapokea chaji; alama au kitabu cha maelezo cha kompyuta husema.

Wepesi una gharama yake. Ili mashine iwe nyembamba, watengenezaji wengi huunganisha kumbukumbu moja kwa moja kwenye bodi kuu, na huwezi kuiongeza baadaye. Matundu hupunguzwa pia, hata mtu akalazimika kubeba kiunganishi cha pembeni ili atumie projekta au fleshi ya kawaida.

### Kumbukumbu

Kumbukumbu ya muda, yaani RAM, ni mahali kompyuta inapoweka mambo inayoyafanyia kazi wakati huohuo. Inaweza kulinganishwa na meza ya kusomea: meza ikiwa ndogo, kila kitabu kipya kinamlazimu msomaji kurudisha kingine kabatini. Kwa masomo ya kawaida gigabaiti 8 zinatosha. Kwa uchoraji wa kihandisi, video au kuendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine, 16 ni afadhali. Gigabaiti 4 zinatosha kwa matoleo mepesi ya Linux, lakini hulemewa haraka na kurasa za kisasa za intaneti. Kwenye mashine ambayo kumbukumbu yake haiongezeki, uamuzi wa siku ya kununua ni wa miaka yote minne.

### Diski

Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na huharibika ikianguka. Diski mango, yaani SSD, haina sehemu inayozunguka. Ni nyepesi, haina kelele na ina kasi zaidi. Kuondoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD ni njia ya gharama ndogo ya kuifanya kompyuta ya zamani ionekane mpya. Baadhi ya mashine za bei ya chini huwa na hifadhi ya aina ya eMMC ya gigabaiti 32 au 64, ambayo ni ya polepole na kwa kawaida haibadilishwi. Windows 11 peke yake hudai hifadhi ya gigabaiti 64 au zaidi, hivyo mashine kama hizo hujaa mapema.

### Betri

Uwezo wa betri hupimwa kwa watisaa, kifupi chake Wh. Ukigawa uwezo huo kwa wati zinazotumika, unapata saa. Betri ya Wh 50 kwenye kompyuta inayotumia wati 8 wakati wa kuandika hudumu saa 6 hivi. Ikitumia wati 15 wakati wa kutazama video, hudumu saa 3 na kidogo. Kwa hiyo ahadi ya "saa 12" haina maana bila kujua kazi iliyopimwa.

Betri za lithiamu hudhuriwa na joto. Kuacha kompyuta ndani ya gari lililofungwa juani, au kuitumia juu ya godoro linaloziba matundu ya hewa, hupunguza maisha yake. Kompyuta nyingi zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, unaofaa kwa anayeiacha kwenye umeme muda wote.

## Kompyuta iliyotumika

Wanafunzi wengi Afrika ya Mashariki hununua kompyuta iliyotumika, mara nyingi ya ofisi, iliyoletwa kutoka Ulaya, Marekani au Dubai. Mashine za ofisi zilitengenezwa imara, na nyingi kati yake hufunguliwa na kurekebishwa kwa urahisi. Kabla ya kulipa, mnunuzi huangalia mambo haya:

* Neno la siri la BIOS. Kompyuta iliyofungwa kwa neno la siri la mmiliki wa zamani haitaruhusu kubadili mipangilio ya kuwasha, na pengine haitaruhusu kuweka mfumo mwingine. Izimwe na kuwashwa upya mbele ya muuzaji, na menyu ya BIOS ifunguliwe.
* Kufungwa kwa akaunti. Kompyuta za kampuni au shule zinaweza kuwa bado zimesajiliwa kwa mmiliki wa kwanza, na zikaunganishwa naye tena baada ya kufutwa. Mashine kama hiyo inaweza pia kuwa ya wizi.
* Afya ya betri. Katika Windows, amri `powercfg /batteryreport` hutoa ripoti yenye uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Betri iliyokuwa ya Wh 50 ikiwa sasa inashika 35, imebaki na asilimia 70.
* Kibodi. Mashine kutoka Ufaransa huanza safu ya herufi na A na Z, na za Ujerumani zimebadilishana nafasi za Y na Z. Mfumo unaweza kupangwa upya, lakini herufi zilizochapwa juu ya vitufe zitabaki zilivyo.
* Plagi. Chaja nyingi hupokea volti 100 hadi 240, hivyo hazihitaji kubadilishwa. Kinachobadilishwa ni waya wa ukutani tu, uwe na plagi ya pini tatu bapa inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda.
* Skrini, bawaba na matundu yote. Kila tundu lijaribiwe kwa kifaa halisi.

## Sababu za kuhama mfumo

Watu huhama kwa sababu mbalimbali: virusi, gharama za leseni, kasi ndogo, au udadisi. Sababu iliyowagusa wengi ni mwisho wa Windows 10. Mfumo huo ulitolewa Julai 2015, na Microsoft ilisimamisha masasisho yake ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji binafsi waliwekewa mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Kompyuta yenye Windows 10 haizimiki baada ya tarehe hizo. Inaendelea kufanya kazi, lakini mianya mipya ya usalama haizibwi.

Mrithi wake, Windows 11, alitolewa Oktoba 2021. Anadai chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0 na kichakataji kilichomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa upande wa Intel, orodha hiyo kwa jumla huanza na kizazi cha 8, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Kwa hiyo kompyuta nzima ya mwaka 2015 au 2016, yenye kumbukumbu ya kutosha na kibodi nzuri, inakataliwa rasmi ingawa haina ubovu.

Kwa mashine kama hiyo Linux ni njia mojawapo ya kuongeza miaka. Ubuntu 24.04, iliyotolewa Aprili 2024, ni toleo la usaidizi wa muda mrefu, lenye masasisho ya miaka 5. Linux Mint hupendwa na waliotoka Windows kwa kuwa menyu yake inafanana na waliyoizoea.

Aliyenunua kompyuta yenye chipu ya aina ya ARM, zikiwemo za Apple za tangu mwaka 2020, ajue kwamba kuweka Linux humo si rahisi kama kwenye mashine za Intel na AMD.

## Hatua za kuhama

1. Kuweka nakala rudufu. Hii ni hatua ya kwanza na haina mbadala. Kanuni inayofundishwa na wataalamu ni nakala tatu, kwenye vyombo viwili vya aina tofauti, moja ikiwa mahali pengine. Kwa mwanafunzi maana yake ni faili zilizo kwenye kompyuta, nakala kwenye diski ya nje, na nakala nyingine kwenye hifadhi ya intaneti. Nakala hujaribiwa kwa kufungua faili chache kwenye kompyuta nyingine. Nakala isiyowahi kufunguliwa haijulikani kama ni nzima.

2. Kuandika orodha ya vitu visivyo faili. Hivi ni pamoja na alama za kurasa za kivinjari, maneno ya siri yaliyohifadhiwa, namba za leseni na barua pepe zilizopakuliwa. Watu wengi huvikumbuka baada ya kuvifuta.

3. Kutafuta ufunguo wa BitLocker. Kompyuta nyingi mpya za Windows husimba diski nzima bila mtumiaji kutambua. Mabadiliko kwenye mipangilio ya kuwasha yanaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Asiye nao hawezi kuzifikia faili zake tena. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mtumiaji. Uandikwe kwenye karatasi kabla ya kugusa kitu.

4. Kupakua mfumo na kuuandika kwenye fleshi. Faili ya Ubuntu 24.04 ina ukubwa wa gigabaiti 6 hivi, kwa hiyo ni busara kuipakua penye mtandao wa chuo badala ya kutumia bando la simu. Huandikwa kwenye fleshi ya gigabaiti 8 au zaidi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Kila kilichokuwa kwenye fleshi hiyo hufutika.

5. Kujaribu bila kusakinisha. Kompyuta huwashwa kutoka kwenye fleshi kwa kubonyeza kitufe kama F12, F9 au Esc mara tu inapowaka, kutegemea mtengenezaji. Mfumo hufunguka bila kugusa diski. Hapo hujaribiwa Wi-Fi, sauti, kamera, mwangaza wa skrini, kulala na kuamka, na projekta. Kisichofanya kazi hapa huenda kisifanye kazi baadaye.

6. Kuamua: kufuta au kuweka mifumo miwili. Inawezekana kubakiza Windows na kuweka Linux kando yake, kisha kuchagua kila kompyuta inapowaka. Njia hii inamfaa mwenye programu moja au mbili za Windows, lakini hugawa diski na inataka uangalifu zaidi. Kwenye diski ya gigabaiti 128 nafasi huwa finyu.

7. Kusakinisha na kusasisha. Kusakinisha huchukua chini ya saa moja kwenye mashine nyingi. Chaja iwe imechomekwa muda wote, kwani umeme ukikatika na betri ikiisha katikati ya kazi, diski hubaki bila mfumo kamili. Baada ya hapo masasisho hupakuliwa na faili hurudishwa.

## Matatizo ya kawaida

Wi-Fi kutoonekana. Baadhi ya vifaa vya Wi-Fi huhitaji programu kiendeshi ambayo haiji pamoja na mfumo. Suluhisho la muda ni kuunganisha simu kwa waya wa USB na kugawa intaneti ya simu, kisha kupakua kiendeshi kupitia njia hiyo.

Kurasa kubadilika. Hati iliyoandikwa kwa Microsoft Word ikifunguliwa kwa LibreOffice inaweza kusogea mistari, hasa ikiwa fonti iliyotumika haipo. Tasnifu yenye majedwali na namba za kurasa huathirika zaidi. Kazi ya kukabidhiwa hugeuzwa kuwa PDF ili imfikie mhadhiri kama ilivyoandikwa. Kazi inayosahihishwa na msimamizi kwa kurudishiana hufanywa kwa programu moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Diski ya nje kutoandikika. macOS husoma diski zilizopangwa kwa NTFS ya Windows, lakini kwa kawaida haiandiki humo. Mpangilio wa exFAT unasomwa na kuandikwa na mifumo yote mitatu. FAT32 ya zamani haipokei faili moja yenye gigabaiti 4 au zaidi.

Programu ya Windows kuhitajika ghafla. Programu iitwayo Wine huendesha baadhi ya programu za Windows ndani ya Linux, lakini si zote. Njia nyingine ni kuendesha Windows nzima ndani ya dirisha la Linux, jambo linalotaka kumbukumbu kubwa na leseni ya Windows.

## Kiswahili

Kiswahili huandikwa kwa herufi za Kilatini bila alama za ziada, hivyo hakihitaji kibodi maalumu kwenye mfumo wowote. Tatizo linalosumbua ni masahihisho ya moja kwa moja ya Kiingereza, ambayo hupiga mstari mwekundu chini ya kila neno na kubadilisha mengine bila mwandishi kutambua. Kila baada ya kuhama, lugha ya hati huwekwa kuwa Kiswahili, au masahihisho hayo huzimwa. LibreOffice ina orodha ya maneno ya Kiswahili kwa ajili ya kukagua tahajia.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Baadaye Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili kwa Windows na Office. Kwa matoleo ya Linux, tafsiri ya Kiswahili haijakamilika, na mtumiaji hukutana na menyu zilizochanganyika na Kiingereza.

## Wakati wa kuhama

Wakati unaofaa ni likizo ndefu, mtu akiwa hana kazi ya kukabidhi kwa wiki kadhaa. Wiki ya mitihani, mwezi wa mwisho wa tasnifu na siku ya kusafiri kwenda mafunzo kwa vitendo hazifai, hata kama mfumo wa zamani unasumbua. Kwa nyakati hizo ni afadhali kuweka nakala ya kazi kila jioni na kuvumilia.

Mwenye mashine inayofanya kazi, inayopokea masasisho na inayoendesha programu zote za kozi yake, hana sababu ya lazima ya kuhama wala ya kununua nyingine. Anayetaka kujifunza mfumo mpya anaweza kuutumia kutoka kwenye fleshi kwa muda, na kuusakinisha akiwa tayari. Diski ya zamani iliyotolewa wakati wa kuweka SSD ihifadhiwe bila kufutwa mpaka muhula umalizike, kwa kuwa faili iliyosahaulika mara nyingi hukumbukwa siku ya kuitoa kazi.